Kupima Kisichoonekana: Anga ya Gusii na Fumbo la Maada ya Giza

Maada ya giza ni jina linalopewa uzito mkubwa uliomo ulimwenguni ambao hakuna jicho wala darubini iliyowahi kuuona. Nyota, sayari, gesi, mawe, mimea na wanyama wote wameumbwa kwa atomu, na atomu hutoa nuru, huimeza au huirudisha. Maada ya giza haifanyi lolote kati ya hayo. Haing'ai, haitupi kivuli, na mwanga hupita ndani yake kama hewa safi. Hujulikana kwa mvutano wake peke yake. Setilaiti ya Planck ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyofanya kazi kati ya 2009 na 2013, ilipima mwanga wa kale kuliko wote ulimwenguni, na kutokana na vipimo vyake maada ya kawaida ikaonekana kuwa takriban asilimia 5 tu ya vyote vilivyopo. Maada ya giza ni takriban asilimia 27. Asilimia 68 iliyobaki huitwa nishati ya giza, nayo ni fumbo jingine.

Mkulima wa chai wa Nyamira, katika eneo la Gusii magharibi mwa Kenya, huifahamu hoja hii ya kupima kisichoonekana hata kama hajawahi kusikia jina lake. Lori la kiwanda linapotoka kituo cha kununulia majani likiwa limefunikwa turubai, aliyesimama kando ya barabara haoni magunia. Anaona springi zilivyolala na matairi yalivyobonyea, na anaisikia injini ikilalamika kwenye mlima wa kuelekea Kebirigo. Hahitaji kufunuliwa turubai ajue kama lori limebeba au ni tupu. Wanaastronomia nao hawauoni mzigo wa ulimwengu. Wanasoma mwendo wa vitu vinavyoonekana, kisha wanakadiria uzito unaovivuta.

Mwendo unaofichua uzito

Mizani ya kwanza ni mwendo. Katika mfumo wa jua, karibu uzito wote umo ndani ya Jua lenyewe, kwa hiyo sayari iliyo karibu hukimbia na iliyo mbali hujikokota. Zebaki, iliyo jirani kabisa na Jua, huenda takriban kilomita 47 kwa sekunde. Dunia huenda kilomita 30. Neptune, iliyo mbali kuliko sayari zote, huenda kilomita 5 na kidogo. Anayejua kasi ya sayari na umbali wake anaweza kukokotoa uzito wa Jua akiwa mezani kwake.

Kasi ya kitu kilicho mbali sana hupimwa kwa kuchunguza rangi ya nuru yake. Abiria aliyesimama stejini Keroka anajua sauti ya honi ya matatu inayopita kwa kasi: inapokaribia ni nyembamba, na ikishapita huwa nzito ghafla. Nuru nayo ina tabia hiyo. Nyota ikija upande wa mtazamaji, rangi zake husogea kidogo kuelekea buluu; ikienda zake, husogea kuelekea nyekundu. Kiasi cha kusogea ndicho kipimo cha kasi.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, aliitumia njia hiyo kwa kundi la galaksi liitwalo Coma, lenye galaksi zaidi ya 1,000 na lililo umbali wa takriban miaka-nuru milioni 320. Galaksi zake zilikuwa zikikimbia kwa kasi kubwa mno, kiasi kwamba kundi lilipaswa kuwa limesambaratika zamani. Uzito wa nyota zilizoonekana haukutosha hata kidogo kulishikilia. Zwicky alihitimisha kuwa mle ndani mna maada isiyotoa nuru, akaipa jina hilo kwa Kijerumani. Hesabu yake ilitia chumvi, kwa sababu umbali wa galaksi haukuwa ukijulikana vizuri siku hizo, lakini hoja yenyewe ilisimama. Kwa karibu miaka 40 wenzake wengi waliiweka kando.

Aliyeirudisha mezani ni Vera Rubin wa Taasisi ya Carnegie mjini Washington, akishirikiana na Kent Ford aliyeunda chombo chenye uwezo wa kuchambua nuru hafifu. Mwaka 1970 walichapisha vipimo vya galaksi ya Andromeda, jirani yetu mkubwa aliye umbali wa miaka-nuru milioni 2.5. Ilitarajiwa kwamba nyota za pembezoni zingejikokota kama Neptune. Hazikujikokota. Zilikwenda karibu sawa na zile za ndani, zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde. Kufikia 1980 Rubin na wenzake walikuwa wamepima galaksi 21 za umbo la parafujo, na zote zilitoa jibu lilelile. Albert Bosma wa Uholanzi alikuwa tayari ameonyesha mwaka 1978, kwa kupima mawimbi ya redio ya gesi ya haidrojeni, kwamba kasi haishuki hata mbali kupita ukingo wa nyota. Maana yake ni moja: kila galaksi imezama ndani ya wingu kubwa la uzito usioonekana, na sehemu inayong'aa ni kama kiini cha tunda.

Uhuru yarushwa kutoka Malindi

Mizani ya pili ni joto, na historia yake inaanzia pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliondoka jukwaa la San Marco, lililosimama kwa miguu ya chuma ndani ya bahari kaskazini mwa Malindi. Jukwaa hilo lilikuwa la Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Setilaiti iliyobebwa ilikuwa ya NASA. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 140, na kwenye orodha rasmi iliandikwa Explorer 42. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo, aliiita Uhuru kwa heshima ya siku na nchi ilikorushwa. Ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani.

Kulikuwa na sababu za kwenda mpaka Malindi. Hewa ya dunia huimeza miale ya eksirei yote, hivyo chombo cha kuipima hakina budi kupanda juu ya hewa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka ikweta hupata msukumo wa bure wa mzunguko wa dunia, zaidi ya mita 460 kwa sekunde. Tena setilaiti inayozunguka juu ya ikweta, kwa kimo cha chini, huepuka sehemu kubwa ya chembe za mionzi zilizonaswa na usumaku wa dunia, ambazo zingevuruga vipimo.

Njia ya Uhuru ilipinda digrii 3 tu kutoka ikweta, kwenye kimo cha kilomita takriban 540. Mji wa Kisii uko pungufu ya digrii moja kusini mwa ikweta, na Nyamira vivyo hivyo. Kwa hiyo kila mzunguko uliipitisha setilaiti hiyo juu au karibu na anga ya Gusii, ikitokea upande wa Ziwa Victoria na kuelekea Bahari ya Hindi, takriban mara 14 kwa siku. Wakati huo Nyamira ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kisii. Masafa ya kutoka Kisii hadi pwani ya Malindi, ambayo basi huyamaliza kwa siku nzima, Uhuru iliyakata kwa dakika moja na nusu hivi.

Chombo hicho kilijizungusha polepole na kuifagia anga yote mpaka Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Vingi ni nyota zinazonyonya gesi ya nyota jirani, na kimojawapo, Cygnus X-1, ndicho kitu cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa ni shimo jeusi. Kwa fumbo la maada ya giza, jambo kubwa lilikuwa jingine. Uhuru iligundua kwamba makundi ya galaksi kama Coma na Perseus hutoa eksirei nyingi, na kwamba miale hiyo haitoki kwenye galaksi mojamoja. Imetanda katika nafasi iliyo kati yao.

Kilichotanda ni nini? Jibu lilikuja na setilaiti nyingine iliyorushwa kutoka jukwaa hilohilo. Ariel V ya Uingereza iliondoka San Marco tarehe 15 Oktoba 1974, na mwaka 1976 ikaonyesha ndani ya eksirei za Perseus alama ya atomu za chuma zilizovuliwa karibu elektroni zake zote. Alama hiyo hutokea pale tu penye gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Katika Coma, joto hilo hukaribia digrii milioni 100.

Hapo ndipo mizani inapopatikana. Gesi yenye joto husukuma kuelekea nje, kama mvuke wa sufuria ya githeri unavyokiinua kifuniko. Mvuke ukibaki ndani, kifuniko ni kizito. Gesi ya Coma haijatoroka kwa mabilioni ya miaka, basi kuna mvutano unaoifunika. Anayepima joto la gesi na mng'ao wake hukokotoa uzito wa kifuniko hicho. Vipimo vya makundi mengi vinakubaliana: gesi hiyo yenyewe ina uzito mara kadhaa kuliko nyota zote za kundi, lakini nyota na gesi vikijumlishwa bado havifiki hata moja ya tano ya uzito unaohitajika. Uhuru ilipunguza pengo la Zwicky kwa kuonyesha gesi ambayo hakuiona. Vipimo vilivyofuata vilidhihirisha kwamba sehemu kubwa ya pengo ingali pale.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Nuru inayopinda njiani

Mizani ya tatu ni nuru yenyewe. Nadharia ya Albert Einstein husema kwamba uzito hupinda njia ya mwanga, na jambo hilo lilithibitishwa kwa mara ya kwanza wakati Jua lilipopatwa tarehe 29 Mei 1919, Arthur Eddington akipiga picha za nyota kutoka kisiwa cha Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika. Kundi la galaksi likikaa mbele ya galaksi nyingine zilizo mbali zaidi, hufanya kazi ya lenzi: sura za zile za nyuma huvutwa na kuwa kama nyuzi na pinde. Kadiri pinde zilivyo kali, ndivyo uzito ulivyo mkubwa, uwe unaonekana au hauonekani.

Ushahidi mzito wa aina hii ulitolewa mwaka 2006 na Douglas Clowe na wenzake kuhusu makundi mawili ya galaksi yaliyogongana, yanayojulikana kwa jina la Risasi. Darubini ya eksirei ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, ilionyesha gesi ya makundi hayo ikiwa imekwama katikati, kwa sababu gesi ikigongana na gesi hupunguza mwendo. Chandra yenyewe ni uzao wa Uhuru: Giacconi na Harvey Tananbaum, waliofanya kazi pamoja kwenye setilaiti ile, ndio walioipendekeza kwa NASA mwaka 1976. Lakini lenzi ya mvutano ilionyesha kuwa sehemu kubwa ya uzito haikubaki katikati na gesi. Ilikuwa imepita moja kwa moja pande zote mbili pamoja na galaksi, kana kwamba haikugusana na chochote.

Matokeo hayo yaliwapa kazi ngumu wanaoamini kwamba hakuna maada ya giza. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mordehai Milgrom wa Israeli alipendekeza mwaka 1983 kwamba labda sheria ya mvutano hubadilika pale mvutano unapokuwa hafifu mno, na fomula yake hueleza vizuri mwendo wa galaksi nyingi. Kwenye makundi ya galaksi, hata hivyo, fomula hiyo huacha uzito bila maelezo, na katika Risasi uzito na gesi vimetengana kabisa. Ndiyo maana wengi wa wataalamu wanashikilia kwamba kuna kitu kweli.

Ni kitu gani basi?

Mtu anaweza kudhani kwamba kilichofichika ni vitu vya kawaida visivyong'aa, kama nyota zilizozimika, sayari zilizopotea njia au mashimo meusi. Dhana hiyo ilipimwa kwa kutumia Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu. Kuanzia 1992 mradi ulioitwa MACHO uliangalia mamilioni ya nyota za Wingu hilo kwa darubini ya Mount Stromlo nchini Australia. Kama vitu vyeusi vingekuwa vimejaa kati yetu na Wingu, kila mara kimoja kingepita mbele ya nyota, na nyota hiyo ingeng'aa zaidi kwa siku au wiki kadhaa kabla ya kurudi hali yake. Matukio hayo yalionekana, lakini ni machache. Uchunguzi wa EROS kutoka Chile ulifikia hitimisho kali zaidi: vitu vya aina hiyo ni sehemu ndogo tu ya uzito unaotafutwa.

Mwanga wa kale uliopimwa na Planck nao huikataa dhana hiyo. Mawimbi yaliyomo ndani yake yanaonyesha kwamba atomu za kawaida hazikuwahi kutosha tangu mwanzo. Kinachobaki ni chembe ya aina isiyojulikana. Baadhi ya wanafizikia wanadhani ni chembe nzito zisizogusana na atomu ila kwa nadra sana. Wengine wanadhani ni aksioni, chembe nyepesi mno kuliko hata zile chembe nyepesi ziitwazo nyutrino.

Iwapo chembe nzito zipo, huenda zikikutana huangamizana na kutoa miale ya gama. Kuitafuta miale hiyo ni sababu ya kuelekeza vyombo katikati ya galaksi yetu, ambako maada ya giza inatarajiwa kurundikana. Ramani ya mapema ya anga ya gama ilichorwa na SAS-2, setilaiti iliyorushwa nayo kutoka San Marco tarehe 15 Novemba 1972. Setilaiti ya Fermi, iliyorushwa mwaka 2008, imeona kule katikati ziada ya miale ya gama ambayo chanzo chake kinabishaniwa: wengine wanasema ni maada ya giza, wengine wanasema ni nyota ndogo zinazozunguka kwa kasi ya ajabu. Nchini Namibia, darubini za H.E.S.S. zimeitazama sehemu hiyohiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na zimeweka mipaka mikali ya tabia ambazo chembe hizo zinaweza kuwa nazo. Vyombo vilivyozikwa chini ya ardhi, kama LZ kilicho ndani ya mgodi wa zamani wa dhahabu huko South Dakota, Marekani, havijanasa chembe hata moja. Mpaka sasa hakuna aliyeikamata maada ya giza.

Yanayoonekana kutoka Gusii

Maeneo mengi duniani huona nusu ya hadithi hii. Aliye Ulaya halioni kabisa Wingu la Magellan, na aliye kusini kabisa mwa dunia haioni Andromeda. Kisii na Nyamira, kwa kuwa karibu na ikweta, zinapitiwa na anga zote mbili. Katikati ya Agosti, saa tatu usiku, kitovu cha galaksi yetu katika kundinyota la Mshale husimama takriban digrii 62 juu ya upeo wa kusini. Mwanzoni mwa Juni, saa hiyohiyo, kundi la Coma husimama karibu kimo kilekile upande wa kaskazini, ingawa halionekani kwa macho matupu. Novemba na Desemba, Andromeda huonekana kaskazini kama doa la ukungu, katikati ya upeo na utosi. Mwishoni mwa Januari, Wingu Kubwa la Magellan huonekana chini kusini, digrii 20 hivi juu ya vilima, penye giza lisilo na taa za mji.

Kikwazo ni mawingu. Nyanda za juu za Gusii hupata mvua nyingi karibu mwaka mzima, mvua ileile inayoifanya chai na migomba istawi, na ukungu hushuka kwenye ukingo wa Manga jioni nyingi. Darubini kubwa ya nuru haiwezi kuwekwa mahali kama hapo. Ndiyo sababu Kituo cha Vera C. Rubin, chenye kioo cha mita 8.4 na kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025, kimejengwa juu ya milima mikavu ya Chile, na darubini ya Ulaya ya Euclid ikapelekwa angani Julai 2023. Vyote viwili vinachora ramani ya maada ya giza kwa kupima jinsi sura za mamilioni ya galaksi zilivyopindwa.

Mawimbi ya redio hayazuiwi na mawingu. Haidrojeni iliyotanda kwenye galaksi hutoa wimbi lenye urefu wa sentimita 21, na ndilo lililotumiwa na Bosma. Darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye madishi 64, hulipokea wimbi hilo kutoka galaksi za mbali, na Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Kiafrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi mkubwa zaidi wa darubini za redio uitwao SKA, ambao sehemu yake inajengwa hapo. Kwa galaksi yetu wenyewe, hata dishi kubwa halihitajiki. Wanafunzi katika nchi mbalimbali wamelipima wimbi hilo kwa antena ya umbo la tarumbeta iliyoundwa kwa mbao na karatasi ya alumini, kipaza mawimbi, na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Wakiielekeza antena sehemu mbalimbali za Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, husoma jinsi wimbi lilivyosogea, hupata kasi ya gesi, kisha huchora wenyewe mstari wa kasi ambao haushuki.

Kazi hiyo inaweza kufanywa kwenye uwanja wa shule ya Nyamira au wa Chuo Kikuu cha Kisii, mchana au usiku, hata mawingu yakiwa yametanda. Wimbi la sentimita 21 huifikia Gusii kila saa ya kila siku, na haligharimu chochote kulipokea zaidi ya vifaa vyenyewe.